Koko Alikuwa Kazini

Kila jamii ya Kenya ina jina lake la bibi. Shosho, susu, gogo, dani, kukhu, nyanya. Sisi tulio Wamaasai tunamwita koko. Ukipita Kitengela saa kumi na mbili asubuhi, wakati matatu za Athi River zinapiga honi na kina mama wanakimbilia zamu za viwandani, utasikia karibu majina hayo yote katika ploti moja. Mtoto analia, mlango unafungwa, halafu sauti ya mzee inasikika ndani: njoo hapa, wachana na mama, atarudi jioni.

Siku hizi huyu mzee amegunduliwa. Kwenye warsha na kwenye maandiko ya miradi utasikia kwamba wazee waalikwe katika chekechea kama watu wa kujitolea. Waje wasimulie hadithi, waimbe na watoto, wapunguze upweke wao, na watoto nao wapate malezi. Wazo ni zuri na mimi naliunga mkono. Kinachonikera ni pale linapoletwa kama jambo jipya, kana kwamba wazee walikuwa wamekaa tu wakingoja barua ya mwaliko.

Historia ya Loitokitok, kule kwetu chini ya Kilimanjaro, inasema vingine. Chekechea ilipofika ilimkuta koko yuko kazini. Na kila mara nchi hii ilipokosa pesa za kulea watoto wake wadogo, ilirudi kwake. Mara ilikuja kwa jina la harambee, mara kwa jina la mradi, sasa inakuja kwa jina la mtaala. Ilimwomba msaada, akasaidia, halafu ikasahau kuandika jina lake. Naiandika historia hiyo hapa kwa sababu tusipoijua, tutamwomba tena bure na tutadhani tumemheshimu.

Darasa la kivulini

Tuanze na boma, au enkang' kama tunavyoiita. Lilikuwa duara la nyumba za familia kadhaa ndani ya uzio wa miiba, na ng'ombe wakilala katikati. Kila mke alikuwa na nyumba yake aliyoijenga mwenyewe. Asubuhi kazi ziligawanyika bila mkutano. Wenye nguvu walitoka na ng'ombe. Kina mama walikamua, kisha wakaenda kutafuta maji na kuni, safari ambayo wakati wa kiangazi ingeweza kula nusu ya siku. Watoto wa miaka sita, saba hivi, walichunga ndama na wana-mbuzi karibu na nyumbani. Waliobaki walikuwa wawili tu, mzee asiyeweza kwenda mbali na mtoto asiyeweza kwenda mbali.

Hao wawili ndio walikuwa chekechea.

Usidhani walikuwa wanapitisha muda. Chukua rangi za mifugo. Katika Kimaa, ng'ombe mwenye milia ana jina lake, keri, na mwenye mabaka meusi na meupe ana lake, arus, na orodha inaendelea mpaka mgeni anachoka. Mtoto hujifunza kutambua rangi, michoro, umbo la pembe na alama ya sikio kabla hajajua kuvaa viatu. Kwa desturi yetu si vizuri kuhesabu watoto wala mifugo kwa kuwaelekezea kidole, moja, mbili, tatu. Kwa hiyo mtoto hufundishwa kutazama kundi likiingia jioni na kusema ni nani hayupo. Jaribu wewe. Tazama mbuzi arobaini wakipita mlangoni kwa fujo, halafu uniambie ni yupi amebaki porini. Mwalimu wa leo angeliita zoezi hilo uainishaji na kumbukumbu. Koko aliliita kufunga mlango.

Hata hesabu ilikuwepo. Wamaasai wana ishara za vidole kwa kila namba, na mtoto anaweza kusoma mkono wa mzee sokoni akajua bei bila neno kutamkwa. Kulikuwa na enkeshui, ndugu yake bao la pwani, mashimo na kokoto, na huwezi kushinda kama hujui kupanga hatua tatu mbele. Kulikuwa na maboma ya mchezo, ambapo mawe madogo yalikuwa ng'ombe na mtoto wa miaka minne alipanga nani aolewe na nani na kwa mifugo mingapi. Jioni zilikuja hadithi na vitendawili. Mwaka 1983 Naomi Kipury alichapisha kitabu kuhusu fasihi simulizi ya Wamaasai, na ukikifungua utaona kwamba hadithi zile za sungura, tembo na zimwi zina kazi. Zinamfundisha mtoto kukisia, kujibu hoja, na kuutambua ujanja kabla haujamla.

Na kulikuwa na heshima. Hadi leo, mtoto wa Kimaasai akikutana na mzee huinamisha kichwa, naye mzee humgusa utosini. Huchukua sekunde mbili. Katika hizo sekunde mbili mtoto anaambiwa: nimekuona, wewe ni wetu.

Huyo mwanamke wa kivulini hakujitolea. Kujitolea ni kutoa muda wako kwa kazi ambayo si yako. Hii ilikuwa kazi yake, ilijulikana kuwa yake, na ililipwa kwa namna ya wakati ule. Alikula kwanza au karibu na kwanza, alijengewa, aliletewa maziwa, na neno lake juu ya watoto lilikuwa na uzito. Hapo ndipo tofauti ilipo, na ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Shule inabisha hodi

Wakoloni waliwahamisha Wamaasai kwa mikataba ya 1904 na 1911, wakawabana kusini, na baadaye wakataka watoto wao. Shule ya serikali ya Wamaasai ilifunguliwa Narok mwaka 1922. Machifu walipewa idadi ya watoto wa kupeleka. Hadithi za jinsi familia zilivyokwepa idadi hiyo zinasimuliwa katika kila boma la Umaasaini. Mtoto anafichwa, mtoto wa mwingine anatolewa badala yake, au anapelekwa yule anayedhaniwa hatafaa kwa mifugo. Wazee wa leo husimulia wakicheka, ila ukisikiliza vizuri, wanasimulia msiba. Mtoto aliyeenda shule alilala mbali, alinyolewa, alivishwa kaptula, na alipofunga shule hakurudi na masomo yanayomhitaji koko. Alirudi na masomo yanayomwambia kwamba koko hajui kitu.

Upande mwingine wa nchi, malezi ya watoto wadogo yalianza kwa sababu chungu zaidi. Wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa katika vijiji vya kulazimishwa, na kina mama wakafanyishwa kazi za pamoja kwa nguvu. Watoto wao waliwekwa mahali pamoja ili walindwe na wapewe chakula. Wengi wa waliowatunza hawakuwa na mafunzo yoyote. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya chekechea za Waafrika nchini Kenya ilizaliwa kwa sababu mtu alihitaji mikono ya mama, na mtu mwingine akabaki na mtoto. Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria viwanda vya Athi River, na milango ya ploti inayofungwa asubuhi.

Baada ya uhuru mwaka 1963, Mzee Kenyatta alisema harambee, na wananchi wakaitika. Nasari za harambee ziliota kila mahali, chini ya mti, ndani ya kanisa, kwenye banda la mabati. Wazazi walijenga, wazazi walichanga, na mwalimu alilipwa kile kilichopatikana mwezi huo. Serikali ilizitazama kwa jicho la maendeleo ya jamii tu, kama klabu za kina mama, hadi mwaka 1980 zilipohamishiwa Wizara ya Elimu. Kabla ya hapo, kuanzia 1971, Taasisi ya Elimu ya Kenya ilikuwa ikijaribu mafunzo ya walimu wa watoto wadogo kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer kutoka Uholanzi. Mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, na mwaka uliofuata vituo vya wilaya, DICECE.

Miaka hiyo yote ya kamati na vifupisho, nani alikuwa anakoroga uji? Nani aliwapangusa makamasi wale ambao mwalimu mmoja hakuweza kuwafikia? Nani alikaa na aliyelala akiwa na homa mpaka mama yake arudi kutoka shambani? Katika nasari ya kijijini kwetu, upande wa Rombo, alikuwa koko wangu na wenzake wawili. Walipokezana. Kuni walibeba wenyewe. Ukutani mwa darasa jipya, lile la mawe, waliandikwa wafadhili, mwenyekiti na mgeni rasmi aliyekata utepe. Wale watatu hawamo. Si kwamba kuna mtu aliamua kuwaacha. Hakuna aliyefikiri kwamba walichofanya kilikuwa kazi.

Loipi

Mara moja, kwa kadiri ninavyojua, nchi hii iliwahi kulikaribia suala hili kwa njia iliyo sawa, na ilifanyika kwa jamaa zetu wa kaskazini. Wasamburu wanazungumza Kimaa kama sisi. Tofauti zipo, ila ukimtoa koko wa Rombo ukamweka Maralal, atapiga stori na wenyeji kabla jua halijazama. Wasamburu nao walikuwa na utaratibu wa bibi kukaa na watoto kivulini wazazi wakitoka na mifugo. Kivuli hicho wanakiita loipi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Taasisi ya Elimu ya Kenya, shirika la Christian Children's Fund na ule wakfu wa Van Leer walikwenda Samburu kutafuta namna ya kuwafikia watoto wa wafugaji, ambao nasari za kawaida ziliwakosa. Wangeweza kujenga darasa la mabati na kuweka mwalimu kutoka mbali. Badala yake walikaa chini na jamii, wakauliza: zamani mlikuwa mnafanyaje? Jibu likawa loipi. Basi loipi zikafufuliwa. Wazazi walizungushia miiba eneo lenye mti, akina mama walileta chakula, vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa vilivyopo, ngozi, mbao, vibuyu. Bibi waliendelea kuwa walezi. Wahudumu wa afya walifuata watoto pale pale walipo, wakawapima uzito na kuwapa chanjo.

Angalia mpangilio huo. Bibi hakuletwa kumsaidia mwalimu. Huduma ndizo zililetwa kwa bibi. Mradi ulikubali kwamba pale kivulini tayari palikuwa na taasisi, ikaongezewa ilichokosa. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kujifunza, kuliko miti na miiba yenyewe. Unaweza kumweka mzee katika darasa lenye vigae na bado ukamfanya mgeni. Unaweza kumweka chini ya mgunga ukamfanya mwenye nyumba.

Uzio ulifanya kile ambacho shule ilishindwa

Kwa nini basi loipi haikusambaa mpaka kwetu Loitokitok, ikawa jambo la kawaida? Sababu ni nyingi, ila moja hutajwa mara chache kwenye mazungumzo ya elimu: ardhi.

Mwaka 1968 ilipitishwa sheria ya ranchi za jamii. Umaasai wa Kajiado ukagawanywa katika ranchi zenye wanachama walioandikishwa. Zile za kwetu majina yake unayajua kama umewahi kwenda Amboseli: Kuku, Rombo, Kimana, Imbirikani, Olgulului. Wazo lilikuwa kuwafanya wafugaji wawe na hati na mikopo. Kuanzia miaka ya 1980 wanachama wengi wakaanza kutaka vipande vyao wenyewe. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na kilichofuata unakiona ukipanda ghorofa yoyote pale leo na kutazama upande wa mbuga ya Nairobi. Mabati, vigae na nyaya kila upande. Kimana nayo ikagawanywa, na mashamba ya nyanya na vitunguu yakaifuata mifereji.

Ugawaji ulifanya kitu kimoja ambacho shule ya mkoloni ilishindwa kufanya. Ulilivunja boma. Familia sita zilizokuwa ndani ya mduara mmoja zilihamia kila moja kwenye kipande chake, na uzio katikati. Wazee walipata wajukuu wawili badala ya kumi na wanane. Watoto walipata koko mmoja, kama yupo, badala ya watano. Kivuli kilibaki, lakini darasa liliisha. Kisha ukame ukaja, ule wa 2009 uliomaliza mifugo ya watu wengi pembezoni mwa Amboseli, na mwingine mrefu uliofikia kilele 2022. Vijana wakaenda mjini. Walioweza kupata kazi wakapata hotelini, wakapata bodaboda, wakapata ulinzi.

Kuna bomba linalochukua maji kwenye chemchemi za Nolturesh, chini ya Kilimanjaro, na kuyapeleka mbali hadi upande wa Machakos na Athi River. Mimi huona kwamba bibi zetu wamefuata bomba hilo. Binti anajifungua Kitengela, likizo ya uzazi inaisha, kulipa beibikea hawezi au haiamini, basi anampigia mama yake simu. Koko anapanda matatu Loitokitok na mfuko wa unga na chupa ya maziwa. Anafika kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, ghorofa ya tatu. Kivuli hakuna, mbuzi hakuna, jirani hazungumzi lugha yake. Mtoto yupo, na televisheni. Anayejua majina thelathini ya rangi za mifugo anabaki akitazama katuni za Kiingereza pamoja na mjukuu, na wote wawili hawaelewi nusu yake.

Sensa ya 2019 ilikuta Kajiado ina watu milioni 1.1 na zaidi, na Kenya nzima ikiwa na takriban milioni 2.7 waliofikisha miaka 60 au kuipita. Hawa ndio tunaotaka kuwaalika. Wengi wao, ukweli usemwe, hawana muda. Wako zamu.

Na yale mengine je?

Najua kuna msomaji anayeninong'oneza: wewe unatuuzia wazee kama asali, na hao hao ndio waliotushikia wembe. Kweli. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa watoto na Sheria ya Watoto ya 2001, ukapata sheria yake kamili 2011, na bado katika kaunti yetu kuna wasichana waliokatwa baada ya hapo, na mara nyingi mkono ulikuwa wa mwanamke mzee. Ndoa za mapema pia zilikuwa na baraka za wazee. Atakayewarudisha wazee darasani bila kuuliza wanaleta nini, hao watoto hawapendi.

Lakini Loitokitok imetupa jibu la hilo pia. Nice Nailantei Leng'ete alizaliwa Kimana. Akiwa mtoto alikimbia asikeketwe, na mtu aliyemkubalia hatimaye alikuwa babu yake, mzee mwenye heshima kijijini. Nice alikua, akafanya kazi na Amref, akaenda kuzungumza na wazee wa eneo hilo hilo, wale ambao kwa desturi hawakupaswa kuhutubiwa na msichana. Ilichukua muda. Mwishowe wakampa esiere, fimbo ya uongozi, na sherehe za kuvuka rika bila wembe zikaota mizizi. Mwaka 2018 jarida la Time lilimweka kwenye orodha yake ya watu 100 wenye ushawishi duniani.

Watu husimulia habari hiyo kama ushindi wa msichana dhidi ya wazee. Mimi naona kitu kingine ndani yake. Wazee walibadilika. Waliketi, wakasikiliza, wakabishana, wakabadilisha desturi ambayo waliipokea kutoka kwa mama na baba zao. Mtu anayeweza kufanya hivyo akiwa na miaka sabini anaweza pia kufunzwa jinsi ya kumlinda mtoto darasani, jinsi ya kumrekebisha bila kiboko, jinsi ya kunawa mikono kabla ya kugawa uji. Kinachotakiwa ni kumfunza kama mfanyakazi. Ukimchukulia kama pambo hutamfunza lolote, na hapo ndipo hatari inapoingia.

Mlango uko wazi, malipo yako wapi?

Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Katiba hiyo hiyo, ibara ya 57, inasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Mtaala wa umilisi ulioanza rasmi nchini 2019 unataka watoto wa PP1 na PP2 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, sera ambayo mizizi yake inafika ripoti ya Gachathi ya 1976. Unataka pia wazazi na jamii washiriki. Ukiziweka sheria hizo mezani pamoja, unaona kiti kitupu chenye umbo la koko.

Mwalimu wa ECDE anayetoka Kisii au Murang'a, akapangiwa kazi Entonet, atajuaje hadithi ya Kimaa ya kuwaanzishia somo? Wenzetu wa mbali walikutana na swali hilo hilo. Mwaka 1982 Wamaori wa New Zealand waliona lugha yao inaishia kwa wazee, wakaanzisha chekechea zinazoitwa Kohanga Reo, yaani kiota cha lugha. Wazee waliojua lugha ndio waliokuwa moyo wake. Zilienea haraka kwa nguvu za familia na kujitolea. Ila miaka thelathini baadaye, mwaka 2012, Baraza la Waitangi lilitoa ripoti nzito ikisema serikali haikuzitendea haki chekechea hizo. Serikali hupenda sana kiota. Anayeleta majani haijali sana.

Marekani nao, mwaka 1965, walianzisha mpango wa bibi na babu wa kulea, ambapo wazee wenye kipato kidogo walikaa na watoto wenye mahitaji. Walichofanya tangu mwanzo ni kuwapa posho ndogo. Haikuwa mshahara, lakini ilikuwa pesa, na ilimwambia mzee kwamba saa zake zimehesabiwa.

Huku kwetu, mzee aliyefikisha miaka 70 anastahili shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii tangu 2018, na kila mtu anajua jinsi zinavyochelewa. Gawanya kwa siku thelathini uone. Halafu mwambie aje chekechea siku tatu kwa wiki, nauli ya bodaboda juu yake, kwa moyo wa kizalendo. Na yule mwalimu wa ECDE atakayemkuta darasani, mara nyingi ana mkataba mfupi na mshahara mdogo. Akimwona koko anafanya kazi bure, ana haki ya kuogopa kwamba siku moja kaunti itauliza kwa nini na yeye asifanye bure. Tukiwaleta wazee kwa njia hiyo, tutakuwa tumewagonganisha maskini wawili mlangoni mwa darasa moja.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa, nasema hivi. Koko aje. Aje na ratiba inayojulikana, apewe nauli, ale na watoto, apewe posho hata kama ni ndogo, na asilipwe kwa kumpunguzia mwalimu. Afunzwe siku chache, apimwe kama anafaa, kama anavyopimwa yeyote anayekaa na watoto. Atakachofundisha kiandikwe na kurekodiwa, na jina lake liwekwe juu yake. Na yule aliyeko ghorofa ya tatu Kitengela asiitwe kujitolea mahali pengine. Apelekewe huduma alipo, kama Wasamburu walivyofanyiwa kivulini. Chumba kimoja cha chini kwenye ploti, mkeka, vitu vya kuchezea, muuguzi anayepita mara moja kwa mwezi, na bibi watano wa makabila matano wakipokezana. Watoto watatoka hapo na lugha tatu kabla ya kujua herufi.

Hayo yote yana gharama, na ndiyo maana neno kujitolea linapendwa. Halina mstari kwenye bajeti. Kaunti ya Kajiado hupitisha bajeti yake kila mwaka, na sheria inawataka wananchi waitwe kutoa maoni kabla haijapita. Vikao hivyo mara nyingi huwa na viti vitupu na soda za moto. Wengi wenu mnaosoma hapa mmelelewa na shosho, susu au koko, na mnajua kuandika barua ya ukurasa mmoja. Tafuteni tarehe ya kikao cha wadi yenu. Nendeni naye.